Baba yangu yu hai, naambiwa nimwandike marehemu ili nipate mkopo wa chuo

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 20, naishi na mama na wadogo zangu wawili Kibaigwa, wilayani Kongwa. Nilimaliza kidato cha sita mwaka jana, mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), nikapata daraja la pili. Nikaenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na niliporudi nikakuta dirisha la mikopo linakaribia kufungwa huku cheti changu cha kuzaliwa hakijahakikiwa na RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo. Chuo kilinipokea lakini sikwenda. Hata nauli ya kwenda kuripoti hatukuwa nayo, achilia mbali ada. Tangu hapo naenda na mama soko la mazao. Yeye anapepeta mahindi, analipwa kwa gunia, na siku malori yasipokuja tunarudi nyumbani na vumbi tu.

Baba aliondoka nikiwa darasa la nne. Alisema anakwenda machimboni Kanda ya Ziwa kwa msimu mmoja, kisha atarudi kulima shamba letu la alizeti. Hakurudi. Tulikuja kusikia ana mwanamke mwingine na watoto. Matokeo yangu ya kidato cha nne yalipotoka, sijui nani alimwambia, alinitumia shilingi 20,000 kwa M-Pesa. Ile meseji ninayo mpaka leo. Ina majina yake matatu, yaleyale yaliyo kwenye cheti changu cha kuzaliwa. Nimepiga ile namba mara nyingi. Mara moja ikapokelewa na mwanamke, nikakata.

Aliyenifikisha hapa ni baba mdogo, mdogo wake baba wa tumbo moja. Ni dalali wa mahindi hapahapa sokoni. Yeye ndiye aliyeninunulia madaftari, sare, godoro na tranka la bweni. Shamba la baba analilima yeye, na kila mavuno anatuletea magunia mawili. Mwaka huu ndiye anayetakiwa kuwa mdhamini wangu.

Sasa baba mdogo anasema nikiandika kwamba baba yu hai, Bodi ya Mikopo watasema nina mzazi wa kunisomesha, nitapata kidogo au nikose kabisa. Anamjua mtu Dodoma mjini anayetengeneza cheti cha kifo kwa shilingi 150,000. Anasema yatima wanapewa asilimia mia ya mkopo moja kwa moja, na ametoa mfano wa kijana wa mtaani kwetu ambaye baba yake anamiliki Fuso, naye kapata asilimia mia. Mama ameshatoa 50,000. Iliyobaki tunatakiwa tuuze mbuzi wawili.

Nilimuuliza mama anaonaje. Hakuinua hata uso kwenye ungo, akasema, "Mwanangu, kwangu mimi alishakufa zamani." Nilipomwambia baba mdogo kwamba naogopa, alikasirika sana, akasema basi nitafute mdhamini mwingine na nisimtafute tena.

Mama naye ana hofu yake, ya mkopo wenyewe. Anasema deni la serikali halifi, nikikosa kazi watakuja kutuchukulia nyumba, nayo ni vyumba viwili tu vya tofali za tope. Ni mtu wa hofu. Aliingizwa TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, nikiwa kidato cha pili, na mpaka leo kila akienda kuchukua zile hela anadhani ipo siku wataambiwa wazirudishe. (Hilo la TASAF sipendi hata kulitaja, shuleni nililificha miaka yote.)

Shangazi, nifanyeje? Nikikataa nampoteza baba mdogo, na labda chuo pia. Nikikubali, kila nikifungua ile meseji naona kama namzika mtu anayepumua.

Mpepeta Mahindi, Kibaigwa

* * *

Marahaba, mwanangu.

Umeniita shangazi. Kwa hesabu za kwetu shangazi ni dada wa baba, kwa hiyo huyo anayetafutiwa cheti ni kaka yangu, na huyo anayekitafuta naye ni kaka yangu. Basi niache niseme kama mtu wa ndani.

Nilivyokuelewa, unataka kwenda chuo na hela hakuna. Mlango unaouona ni mkopo, na mtu aliyekushika mkono miaka yote hii amekwambia mlango huo haufunguki mpaka baba yako awe marehemu. Ukikubali unaogopa sheria, na unaiogopa nafsi yako pia. Ukikataa utaonekana mtoto asiye na fadhila. Katikati yupo mama na ungo wake, na nadhani hata wewe hujajua bado kama alikujibu ndiyo au hapana. Aliposema kwake baba alishakufa, mama hakuwa anajaza fomu. Hilo ni jeraha lake, na ningependa siku moja mlizungumze mkiwa wawili, bila habari za mkopo.

Nianze na huo mlango, maana nahisi mmeambiwa nusu ya habari. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005, na tangu hapo imekopesha watoto wengi ambao baba na mama zao wapo, wanalima, wanauza genge, wanaendesha bodaboda. Kinachopimwa ni uhitaji wa mwombaji. Uyatima ni kigezo kimojawapo na una uzito wake, baba mdogo hakulitunga hilo. Ila hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwenye baba aliye hai fomu yake inatupwa, wala kwamba yatima kila mmoja anaondoka na asilimia mia.

Sasa rudi kwenye ile sentensi uliyoiweka kwenye mabano kama mtu anayeficha mguu wenye kidonda. Fomu ya Bodi inauliza kama kaya yenu ni mnufaika wa TASAF. Mama yako hakujiandikisha mwenyewe usiku kwa tochi. Kaya huibuliwa kwenye mkutano wa hadhara, majirani wakiangalia na kusema, naam, nyumba ile ina shida kweli. Yaani uhitaji wenu ulishaandikwa na serikali tangu ukiwa kidato cha pili. Mwenye Fuso hana karatasi hiyo. Wewe unayo, unaionea aibu, na hapohapo mnataka kuuza mbuzi mnunue karatasi ya uongo. Aibu ya bwenini naielewa sana, watoto wana maneno. Lakini hebu jiulize kama bado inakusaidia kitu.

Tukitazame hicho cheti cha 150,000. Vyeti vya kuzaliwa na vya vifo vinatoka RITA, na vinavyoambatanishwa kwenye ombi la mkopo lazima RITA wavihakiki kwanza. Mwaka jana ulikwama hapohapo. Kwa hiyo cheti cha fundi wa mjini kitapelekwa kukaguliwa kwa mtu yuleyule aliyeghushiwa. Kikigoma, hela ya mbuzi imekwenda, dirisha limefungwa, na jina lililo kwenye ombi ni lako. Fundi hayumo kwenye fomu hiyo. Kughushi nyaraka, kwa Kanuni ya Adhabu ya nchi hii, kunaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka saba, na fomu yenyewe unaipeleka kwa wakili au hakimu aigonge muhuri ukiwa umeapa kwamba uliyoyasema ni kweli. Halafu kuna swali dogo tu: hicho kifo kitaandikwa cha tarehe gani? Kabla ya ile meseji ya M-Pesa, au baada yake?

Najua utaniambia wapo waliopita. Inawezekana. Huyo kijana wa Fuso mimi simjui, na nawe umeona matokeo yake tu, fomu yake hujaiona. Pengine lori lina mkopo wa benki na nyumbani kuna mgonjwa. Pengine alidanganya kweli, na sasa anakula boom, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, huku akiomba asije akagombana na mtu yeyote wa kwao anayejua siri yake. Miaka mitatu ni mirefu kuishi hivyo, na Kibaigwa si mji mkubwa.

Lakini tuseme fundi ana mkono mrefu, na cheti kinatoka kikiwa kimesajiliwa kabisa. Hapo ndipo mimi napata hofu zaidi, maana cheti cha kifo hakikai kwenye fomu ya mkopo. Kinatembea. Mtu mwenye cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo anaweza kwenda mahakama ya mwanzo kufungua mirathi. Na umeniambia lipo shamba la alizeti la baba yako, na umeniambia nani analilima.

Simshuku baba yako mdogo, nataka hilo liandikwe wino mzito. Mtu aliyenunua tranka na godoro la mtoto wa kaka yake, ambaye kaka mwenyewe kamtupa, ni mtu wa kuombewa dua. Ninachosema ni kwamba karatasi ikishakuwepo haiulizi nia ya aliyeitengeneza. Inaweza kuja kutumiwa na watoto wake, au na ndugu mwingine ambaye leo wala hamumfikirii, na mama yako siku hiyo atakuwa mjane wa kwenye karatasi, akigombania ekari na watu wenye muhuri. Mambo ya wajane na mashamba huku kwetu tunayajua. Na baba naye, tuseme anarudi mwakani akiwa na kifua cha vumbi la mgodi. Atakuta alishazikwa, na mzishi ni wewe.

Umewahi kujiuliza baba mdogo mwenyewe anaogopa nini? Mimi nimelifikiria hilo jioni nzima. Ukipata asilimia sitini, ile arobaini ataombwa nani? Mama hana. Baba hapatikani. Jina linalobaki mezani ni lake, na udalali una misimu, mwaka wa ukame hakuna cha kudalalia. Pengine asilimia mia kwake ni njia ya kutua mzigo alioubeba kimya kimya tangu uko darasa la nne, na mwanaume wa makamo hawezi kukwambia "mwanangu, nimechoka". Atakwambia "tafuta mdhamini mwingine". Kama nimekisia sawasawa, mazungumzo yenu yanaweza kuanzia mahali pengine kabisa. Unaweza kumwendea asubuhi kabla soko halijachangamka, uwe na mama au mzee anayemheshimu, umshukuru kwa kila kitu ukikitaja kwa jina, godoro, tranka, sare, kisha umwambie hutamdai ada. Unachoomba ni ridhaa yake ujaze yale yaliyo kweli. Anaweza kulainika. Anaweza pia kununa mwezi mzima, na hilo lina gharama kwenu, hasa kwa yale magunia mawili. Siwezi kukudanganya kwamba halina.

Kuhusu udhamini, usidhani yeye ndiye pekee. Mdhamini anatakiwa awe mtu mzima mwenye kitambulisho kinachotambulika na picha, na mzazi mwenyewe anaweza kukudhamini. Mama ana kitambulisho cha Taifa au cha mpiga kura? Yeyote mtakayemchagua, msomeeni maneno anayoyatia saini kabla hajasaini. Watu wengi wanadhamini kwa kuona tu kidole kinawaonyesha pa kuweka jina.

Na ukweli wako unaandikwaje? Una maneno yake: baba yu hai, aliondoka mwaka fulani, hatunzi familia, makazi yake hatuyajui. Mtendaji wenu anawafahamu. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kuwasikiliza na kuwaandikia barua. Mwongozo wa Bodi hutolewa upya kila mwaka, kwa hiyo soma wa mwaka huu uone kwa hali kama yenu wanataka karatasi gani, usitegemee ya jirani ya mwaka juzi. Bodi ina ofisi ya kanda Dodoma mjini, basi moja tu kutoka hapo Kibaigwa. Beba bahasha yako, ukamuulize ofisa uso kwa uso. Nauli hiyo ni ndogo kuliko hela ya fundi. Hatari ya njia hii nayo uijue: ukweli unaweza kukupa asilimia pungufu, au jina lisitoke awamu ya kwanza. Hapo kuna awamu zinazofuata, na kuna dirisha la rufaa unapoweza kuongeza ushahidi. Wapo waliokata rufaa wakapata, wapo waliokosa.

Neno la haraka kuhusu steshenari. Ukijaziwa fomu, namba ya simu iwe yako, neno la siri liwe lako, na namba ya mtihani wa kidato cha nne iwe ileile uliyoombea chuo. Kuna watoto wanahangaika mwaka mzima kwa sababu akaunti yao ipo kwenye simu ya kijana wa fotokopi.

Mwambie mama habari ya deni, taratibu. Mkopo wa Bodi hauwekewi nyumba rehani, kinachotakiwa ni mdhamini. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa inafanya deni lisikwishe, Rais Samia alitangaza kuifuta Mei Mosi ya 2021. Ukimaliza chuo una miezi 24 kabla ya kuanza kurejesha, na ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mshahara wa 700,000, inakatwa 105,000. Inauma, waulize walimu wa hapo shuleni kwenu. Mama yuko sahihi kwamba deni ni deni na asiyeajiriwa naye anatakiwa alipe. Lakini la kuchukuliwa vyumba viwili vya tope, hilo mtoe hofu.

Zipo na njia za pembeni. Ufadhili wa Samia ulianza kwa waliofaulu sana masomo ya sayansi, kwa HGL nisikupe tumaini la bure. Tangu 2023/2024 Bodi inakopesha pia ngazi ya stashahada kwa fani za kipaumbele, ambazo nyingi zinataka sayansi, ila pitia orodha kabla ya kukata tamaa. Kukaa mwaka mwingine ukiweka akiba nako ni njia, ingawa wewe na mimi tunajua akiba ya kupepeta mahindi inavyokaa.

La baba sina jibu. Unaweza kupiga tena ile namba, na safari hii usikate, useme wewe ni nani hata kama ni huyo mwanamke amepokea. Huenda ukapata mtu wa kukusaidia hata barua au nakala ya kitambulisho. Huenda ukapata ahadi za machimboni, ambazo ni mbaya kuliko ukimya. Unaweza pia usipige. Wewe ndiye unayejua moyo wako unabeba kiasi gani mwaka huu. Meseji yenyewe usiifute.

Ile 50,000 iliyokwisha kutoka, muulize baba mdogo kwa adabu kama imeshafika mjini au bado iko mfukoni kwake. Na hao mbuzi, kaa na mama mpige hesabu kabla hawajatoka zizini. Ada ya kuomba mkopo ni shilingi 30,000. Fedha ya chakula na malazi, tangu 2022/2023, ni shilingi 10,000 kwa siku, lakini boom la kwanza halitakuwa linakusubiri getini. Utafika chuo, utapanga foleni ya usajili, utasaini, utasubiri, na katika wiki hizo utahitaji unga, sabuni na nauli. Mbuzi mmoja anaweza kulisha wiki hizo. Wa pili mwacheni mpaka majina yatoke.

Niandikie tena, hata kama utakuwa umeamua tofauti na nilivyowaza mimi. Msalimie mama.

Shangazi